Muulize Bibi wa Kitalu: Jengo linapokuja chuoni, mti utaponaje?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wa vyuoni. Dar es Salaam vyuo vinajenga kila upande: mabweni, maabara, kumbi za mihadhara, maegesho ya magari. Vinajenga kwa sababu vijana wameongezeka, na mimi niliyesomesha watoto kwa mshahara wa kitaluni najua thamani ya kitanda bwenini na kiti darasani. Ninachotaka ni jengo lisimame na mti ubaki. Mara nyingi hilo linawezekana, mradi mtu azungumze mapema, kabla mabati ya uzio hayajazungushwa. Majina ya walioandika na ya vyuo vyao nimeyaacha, kama walivyoomba.

Shikamoo Bibi. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar. Nyuma ya maktaba yetu kuna miembe na mkongo mmoja mkubwa sana, ndiko tunakosomea wakati wa mitihani. Wiki iliyopita tumekuta mashina yamepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Tulipouliza tukaambiwa kuna jengo la madarasa linakuja na tusiwe na wasiwasi, chuo kitapanda miche mia tano. Wenzangu wengine wanasema tukubali, maendeleo hayasubiri. Wengine wanataka tugome. Mimi hata sijui pa kuanzia.

Marahaba mjukuu wangu. Anzia kwenye hesabu, kwa sababu hiyo mia tano ni namba inayomfunga mtu mdomo asipoipima.

Chukua futikamba. Simama kwenye shina la mkongo, pima hadi pale matawi yanapoishia. Tuseme umepata mita 8. Mti huo unafunika karibu mita za mraba 200 za ardhi. Sasa nenda kitalu chochote, pale Mwenge wako wengi wanaouza miche, upime upana wa majani ya mche ulio tayari kupandwa. Ukikuta nusu mita, huo ni mche mzuri. Unafunika mita ya mraba 0.2 hivi. Zidisha kwa mia tano: mita za mraba 100. Yaani miche yote mia tano, ikipandwa na ikapona yote bila kufa hata mmoja, inakupa nusu ya kivuli cha mkongo mmoja, na bado miembe hatujaihesabu. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi na uiambatanishe na barua yenu.

Mkongo wenyewe uutazame vizuri. Ndio ule wenye maganda mazito ya rangi ya kahawia, yakipasuka yanatoa mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, zile wanazotungia shanga. Wengine huuita mbambakofi. Ni mti wa kwetu, wa misitu ya pwani, utaukuta Pugu na Kazimzumbwi katika vipande vya msitu vilivyobaki. Hukua taratibu sana. Mche wake utakaopandwa leo hautampa kivuli mwanafunzi yeyote aliyepo chuoni sasa, wala mdogo wake atakayemfuata.

Jambo la pili la kuandika ni maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa na maegesho yenye mita za mraba 1,000 kwa jumla, zikipigwa na mvua ya milimita 50 kwa siku, na masika ya Dar unayajua, zinamwaga lita 50,000. Leo sehemu kubwa ya maji hayo inazuiwa na majani, inazama kwenye takataka za majani chini ya mti, inafuata mizizi ardhini. Kesho yatapita juu ya sakafu na kuteremka kwa jirani wa bondeni. Mji huu haujasahau Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 na waliokaa Jangwani na mabonde mengine wakapelekwa Mabwepande. Chuo kilicho juu ya mwinuko kina deni kwa walio chini yake.

Baada ya hapo ombeni kuona mchoro wa eneo lote, si picha ya jengo iliyobandikwa getini. Ombeni kwa barua, kupitia serikali ya wanafunzi, iende kwa uongozi wa chuo na idara ya milki, ile inayosimamia majengo na viwanja vya chuo, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa yenu. Ulizeni mambo yanayojibika. Je, jengo linaweza kusogezwa mita kumi? Je, linaweza kuongezwa ghorofa moja likapungua upana? Je, hayo maegesho yaliyochorwa juu ya miembe lazima yawe hapo, au kuna kiwanja kitupu kwingine? Mara nyingi mchoraji hakutumwa kuua mti. Alipewa ramani isiyoonyesha mti wowote, akachora kwenye karatasi nyeupe. Kwa hiyo mpeni ramani yenye miti: jina la kila mti, mzunguko wa shina, upana wa matawi, mahali ulipo. Wanafunzi wa jiografia na wa upimaji ardhi wataifanya hiyo kazi kwa siku chache na simu zao.

Sheria ipo upande wenu, msiogope kuitaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 81 kinataka miradi iliyotajwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Si kila jengo linadaiwa tathmini kamili, kanuni za 2018 zimegawa miradi kwa makundi kulingana na uzito wa athari zake, lakini kuuliza jengo lenu liko kundi gani na kama cheti kimetoka NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ni haki yenu. Na Katiba yenyewe, ibara ya 27, inaweka wajibu wa kulinda maliasili ya nchi juu ya kila mtu, mwanafunzi akiwemo.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Vyuo vikuu vya umma vingi vinajenga sasa kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu, ambao Benki ya Dunia iliutolea dola milioni 425. Fedha za benki hiyo zinakuja na masharti ya mazingira: lazima uwepo mpango wa kusimamia athari za ujenzi, na lazima uwepo utaratibu wa kupokea malalamiko ya watu walioguswa. Tazameni bango la saiti. Mkiona jengo ni la mradi huo, ulizeni nani anapokea malalamiko, mpeleke barua ileile.

Kuhusu kugoma, mwanangu, mimi nakushauri barua kwanza, na barua ya pili, na ya tatu. Wangari Maathai, yule mama wa Kenya mtetezi wa miti, mwaka 1989 alipozuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi, silaha yake ya kwanza ilikuwa kalamu. Aliandika kwa wizara, kwa mashirika, kwa balozi, akauliza maswali ambayo watu walilazimika kuyajibu, na wenye fedha wakajitoa. Msitu wa Karura mwaka 1999 ulikuwa na habari ngumu zaidi. Alipigwa akajeruhiwa, wanafunzi wa vyuo vya Nairobi wakaingia barabarani kwa hasira, wakaumia. Karura iko hadi leo na watu wanatembea ndani yake. Ninawaheshimu wale vijana. Ila ninyi bado hamjajibiwa hata barua moja, na mkongo wenu unahitaji watu ambao bado wako darasani mwezi ujao kuufuatilia.

Habari za kazi mama. Mimi ni msimamizi wa saiti. Tumepata kazi ndani ya chuo, na mkataba unasema mwembe uliopo katikati ya kiwanja ubaki. Nimekwisha ona kwenye kazi nyingine mti unabakizwa vizuri, hakuna aliyeugusa na panga, halafu mwaka wa pili baada ya kukabidhi jengo unakauka na lawama zinaturudia sisi. Tatizo huwa ni nini?

Salama baba, na asante sana kwa kuuliza kabla ya kuanza. Laiti kila saiti ingekuwa na mtu kama wewe.

Mti wako wa zamani uliuawa chini ya ardhi wakati wa ujenzi. Ukaendelea kuonekana mzima kwa sababu mti mkubwa una akiba ya chakula kwenye shina na mizizi minene, unaila polepole hadi iishe. Wakati huo ninyi mmeshaondoka.

Watu hudhani mizizi ya mwembe inazama kwenda chini sawasawa na matawi yanavyopanda juu. Sivyo. Sehemu kubwa iko ndani ya sentimita 60 za juu, na ile myembamba kama uzi, inayonyonya maji, iko juu zaidi ya hapo. Kwa upande inatambaa hadi kupita mwisho wa matawi. Kwa hiyo lori la mchanga likipita hapo mara kadhaa, hasa udongo ukiwa umelowa, ardhi inashindiliwa, hewa inatoka, na mizizi inakosa pumzi.

Waingereza wana kiwango cha ujenzi, BS 5837, chenye kanuni rahisi ambayo hata fundi asiye na kompyuta anaitumia. Pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini, zidisha kwa 12. Hiyo ndiyo nusu-kipenyo ya duara mnalopaswa kulilinda. Kipenyo hukipimi moja kwa moja, basi zungusha futikamba kwenye shina ugawe kwa 3.14. Mwembe wenye mzunguko wa sentimita 220 una kipenyo cha 70. Mara 12 ni sentimita 840. Zungusha mirunda na mabati mita 8.4 kutoka kwenye shina, pande zote, kabla ya eskaveta kuingia. Utepe hautoshi, utepe unakatwa siku ya kwanza ili toroli lipite.

Ndani ya uzio huo kisiingie kitu. Msirundike kokoto, msiweke nondo, mashine ya zege isisimame hapo, vibarua wasipike hapo. Angalieni sana maji ya kuoshea vyombo vya zege. Saruji ina ukali unaobadilisha udongo, na mafundi wana desturi ya kumwaga yale maji kwenye shina la mti kwa kudhani wanalimwagilia. Chimbeni shimo lake upande mwingine wa saiti, chini ya mteremko, mbali na mti.

Kisha kuna mitaro. Jengo linakamilika, mti bado mzima, halafu anakuja fundi bomba, wa pili fundi umeme, wa tatu mtu wa intaneti, kila mmoja anachimba mtaro wake kupita palepale. Mitaro hiyo mitatu inaweza kukata mizizi ya upande mzima. Kaeni nao mapema wapite njia moja, nje ya duara. Ikishindikana kabisa, wachimbe kwa mikono, na mzizi mnene kuliko dole gumba wasiukate, wapitishe bomba chini yake.

Na msiongeze kifusi. Wakati wa kusawazisha kiwanja watu wanafukia shina sentimita 20 au 30 ili panyooke, halafu wanatandaza matofali ya pevingi hadi kwenye gome. Gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo, linaoza. Uwanja wa chini ya mwembe uachwe kwa kimo chake cha zamani, ukiwa na udongo wazi au majani makavu. Kama mkuu wa mradi anataka pevingi, mwombe aanzie nje ya matawi.

Lori likilazimika kabisa kukatiza ukingo wa duara, mwageni matawi yaliyokatwakatwa kwa unene wa kutosha, mtandaze mbao nene juu yake. Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua ikikata, mwagilieni duara lote, si shina peke yake. Na hayo yote, baba, yaingizwe kwenye gharama za kazi tangu mwanzo: mirunda, mabati, maji. Kisichoandikwa kwenye gharama kinasahaulika, hata kwa mkandarasi mwema.

Bibi, mimi ni mtumishi wa chuo, naishi nyumba ya chuo na familia. Mwarobaini mkubwa uko mita tatu kutoka dirisha la chumba cha watoto. Ukuta umepata ufa. Upepo wa masika ukivuma silali. Mume wangu anataka tuite mtu aukate wikendi hii. Mimi naonea huruma. Tufanyeje?

Mwanangu, usingizi wa watoto wako ni mkubwa kuliko mti wowote, hilo tulimalize kwanza. Sasa tuutazame mti wenyewe.

Zunguka shina asubuhi kukiwa na mwanga. Tafuta uyoga mgumu kama ubao uliojibandika chini ya shina au kwenye mizizi. Tazama kama udongo wa upande mmoja umeinuka au umepasuka, maana yake mizizi inaachia. Tazama kama mti umeanza kulala upande ambao zamani haukulalia. Gonga shina kwa mpini wa nyundo, mahali mbalimbali, usikilize kama kuna pango. Panda macho uone matawi makavu yasiyo na jani yaliyoning'inia juu ya paa. Ukikuta uyoga na pango pamoja, au udongo ulioinuka, mwite mtu wa idara ya milki siku hiyohiyo na watoto walale chumba kingine. Mti wa namna hiyo ukatwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema ukatwe.

Usipokuta hayo, shida yako ni matawi, na matawi yanapunguzwa. Lakini usimwite kijana wa mtaani mwenye panga aukate kichwa. Mwarobaini uliokatwa kichwa unachipua fimbo nyingi kwa haraka, zimejishikiza juujuu tu pale kwenye jeraha, na baada ya miaka michache hizo ndizo zinazoanguka kwenye mabati. Mtakuwa mmetengeneza hatari ambayo haikuwepo.

Tawi nene linakatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza unaanza chini ya tawi, kiasi cha futi moja kutoka kwenye shina, msumeno upande juu hadi robo ya unene. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi linaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu unaondoa kile kipande kilichobaki, na hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Pale tawi linapoungana na shina utaona mkunjo, kama shingo ya shati iliyovimba. Msumeno upite nje ya mkunjo huo, usiuguse. Mkunjo ndio unaofunga jeraha. Hakuna haja ya kupaka rangi wala lami. Kazi ifanyike kiangazi, na kabla ya kuanza muangalie kama kuna kiota.

Ufa ni habari nyingine. Mti husingiziwa nyufa nyingi ambazo chanzo chake ni msingi mfupi au maji ya paa yanayodondokea palepale ukutani miaka nenda rudi. Mwombe mhandisi wa chuo aje atazame kwanza. Nyumba ni ya chuo na mti ni wa chuo, kwa hiyo ruhusa ya kukata haiwezi kutoka kwa mumeo. Mpe barua hii asome, naamini atasubiri.

Tumbili wanaingia mabwenini, wanaiba mkate, wanachana madaftari. Zamani walikaa msituni nyuma ya bweni, sasa pale pamejengwa. Wafukuzwe vipi?

Wamepoteza nyumba, wamefuata chakula. Fungeni mapipa ya taka kwa mfuniko mzito, wekeni wavu madirishani, na yeyote anayewarushia ndizi aache leo. Kile kipande cha vichaka kilichobaki kisifyekwe.

Shikamoo Bibi. Mimi ni katibu wa klabu ya mazingira chuoni. Mwaka jana tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulipanda miche mingi, mgeni rasmi alikuja, picha zikapigwa. Tuliporudi kutoka likizo tukakuta karibu yote imekauka. Mwaka huu tunataka kurudia bila aibu. Tukosoe.

Marahaba. Kosa la kwanza ni tarehe. Tarehe 5 Juni imewekwa kwa ajili ya dunia nzima, lakini Dar masika yanakwisha Mei. Mche uliopandwa Juni unaingia moja kwa moja kwenye kiangazi kabla haujashika ardhi. Na likizo ndefu ya vyuo inaangukia kwenye kiangazi hichohicho, kwa hiyo wenye ndoo wako Mbeya na Bukoba, mche uko peke yake kwenye mchanga wa Dar.

Pandeni mwanzoni mwa masika, udongo ukilowa vizuri, Machi mwishoni au Aprili. Siku ya taifa ya kupanda miti, tarehe 1 Aprili, inawafaa kabisa. Tarehe 5 Juni mwalikeni mgeni rasmi aje kuhesabu iliyopona, awasaidie kuweka majani makavu kuzunguka mashina, na akubali kulipia maji ya miezi mitatu. Picha zitapigwa vilevile.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, na kina 60. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu uchanganye na samadi iliyooza, uurudishe kwanza. Kisha kiriba, kile kimfuko cha nailoni mche ulimokulia. Naomba mnisikilize hapa kwa makini, kwa sababu siku za sherehe kila mtu ana haraka: kiriba kichanwe na kitolewe chote. Nimeng'oa miche mingi iliyokufa kwenye viwanja vya watu na kukuta nailoni nyeusi bado imebana mizizi, imejizungusha ndani yake mpaka imejinyonga. Kuchana chini peke yake hakusaidii. Chana ubavu wote, ondoa, na mizizi iliyojikunja inyooshe au ikate. Nailoni mrudi nayo, isibaki shimoni.

Mche ukae kwa kimo kilekile ulichokaa kwenye kiriba. Tengeneza beseni la udongo kuzunguka, tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina. Mti wa kushikizia uwe upande, na kamba iwe legelege. Kisha mwekee kizuizi cha mawe au vijiti, kwa sababu adui wa pili baada ya jua ni fyekeo. Kijana wa usafi anafyeka nyasi, ncha inagusa shina, gome linachanika duara, na mche umekwisha. Hana ubaya, haoni mche ndani ya majani. Mwonyesheni.

Kwa likizo, teueni mtu. Walinzi na watunza bustani hawaendi likizo. Changishaneni mumpe kitu kila mwezi, kwa maandishi, na namba ya miche anayoitunza. Bora miche thelathini yenye mwenyewe kuliko mia tatu ya picha.

Mpande nini? Palipo na nafasi pana, pandeni miti ya kwetu: mkongo, mkwaju, na karibu na bahari mtondoo, ambao hauogopi chumvi na una kivuli kizito. Mwembe hauna ubishi. Chini ya nyaya za TANESCO pandeni mti mdogo kama mpera au mstafeli, msije kuwapa watu wa umeme sababu ya kuja na misumeno. Mashoki yamejaa kila chuo kwa sababu yananyooka na hayasumbui, yanafaa kuziba ukuta, lakini huwezi kukaa chini yake na kitabu saa saba mchana mwezi wa pili. Mikaratusi msiisogeze karibu na kijito wala kisima.

Mama shikamoo. Mimi ni mama lishe, napika chini ya mkungu karibu na geti la chuo. Wameniambia moto wangu unaua mti, nihame. Ni kweli, au wananitafutia sababu?

Marahaba mwanangu. Ni kweli kwamba moto wa karibu unaua mti. Chini ya gome kuna tabaka jembamba lenye uhai, ndilo linalopitisha chakula, na joto la kila siku linalikausha hata kama gome halijaungua. Maji ya moto, maji yenye chumvi na mafuta yaliyotumika yanaua mizizi pia.

Lakini si lazima uhame. Sogeza jiko hadi nje ya mwisho wa matawi, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na mti, ujengee kibanda kidogo cha mabati. Wateja ndio wakae kivulini. Maji ya kuoshea mchele yamwage kwenye shina bila wasiwasi, yale ya sabuni na ya moto yaende mtaroni. Majivu kusanya kwenye gunia. Misumari uliyopigilia shinani kwa ajili ya turubai iache ilipo, usiing'oe, ila usiongeze mingine, funga kamba pana badala yake. Ukishasogea, mwite mtu wa idara ya milki aje aone kwa macho yake, na umwombe akuandikie kwamba unaruhusiwa kukaa kwa masharti hayo. Kama gome limeshaanza kubanduka upande uliokuwa na jiko, piga picha unitumie, nitakuambia kama mkungu utapona.